Muulize Shangazi: Ganda la Chenza, Ua la Chai na Kwikwi Isiyoisha

Haya wapendwa, mwezi huu sanduku limejaa barua za matunda na maua ya dawa za Kichina. Wengi mlioandika mko hukohuko China, wanafunzi na wafanyabiashara, na mimi nilikaa Guangzhou miaka kadhaa nikinyweshwa vikombe vichungu na majirani mpaka ulimi ukazoea, kwa hiyo nitajibu kwa ninachokijua. Mimi si daktari, hilo mnalijua. Barua nyingine nimezifupisha manake kuna mtu kaniandikia kurasa nne za chunusi moja.

*Shangazi shikamoo. Nasoma Nanjing. Juzi nilikula lichi karibu kilo nzima, kesho yake vidonda mdomoni na chunusi usoni, mwenzangu wa chumbani akacheka akasema "shanghuo" akanipa chai ya maua makavu. Hiyo shanghuo ni ugonjwa gani, na hayo maua ni dawa kweli au chai tu?*

Marahaba mwanangu. Kilo nzima! Shanghuo maana yake moto umepanda, na usiitafute kwenye vitabu vya hospitali hutaiona, ni lugha ya matabibu wao wa jadi. Wao kila kinachoingia mdomoni wanakipa tabia yake, kuna vya baridi kabisa, vya baridi kidogo, vya uvuguvugu na vya moto, alafu kuna ladha tano, kali, tamu, chachu, chungu na chumvi, kwa hiyo tunda haliulizwi kwanza linatibu nini, linaulizwa ni la moto au la baridi, na wewe mgonjwa nawe unaulizwa hivyohivyo. Ndo maana wawili wenye kikohozi wanaingia kwa tabibu mmoja wanatoka na mifuko miwili tofauti. Lichi iko upande wa moto. Watu wa Guangdong wana msemo wao kwamba lichi moja mioto mitatu, sa we piga hesabu ya kilo.

Maua uliyopewa bila shaka ni juhua, yale yenye petali nyingi nyembamba, yanahesabiwa ni ya baridi kidogo na kazi yake kwao ni kutuliza kichwa kinachogonga na macho mekundu. Hayako ya aina moja. Kuna meupe ya Hangzhou ndo ya chai ya kila siku, kuna ya Huangshan yanaitwa gongju yaani juhua ya kupeleka ikulu kwa mfalme, na kuna ya porini, yejuhua, madogo ya njano machungu balaa, hayo yanasemwa ni ya baridi zaidi na huyanywi kwa kujiburudisha tu. Ukiwa na tumbo jepesi la kuharisha punguza, wenyewe watakwambia baridi juu ya baridi.

Vidonda vya mdomo vya kawaida huwa vinapona vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na chai isipovifanya chochote usishangae. Ila la lichi nakusisitizia, usile nyingi na njaa. Ndani yake kuna kemikali inayozuia mwili kutengeneza sukari yake wakati tumbo liko tupu, na kule kaskazini mwa India watoto waliolala njaa baada ya kushinda wanakula lichi waliwahi kushuka sukari mpaka kufa. Kwa hiyo wahenga wa Guangdong huenda waliona kitu japo walikiita moto.

*Shangazi, mie nafanya biashara hapa Guangzhou. Hawa mabibi wa Kichina wananunua maganda makavu ya chenza bei ya ajabu, tena wanavyosema lililokaa miaka mingi ndo ghali. Maganda! Sisi tunatupa. Kuna nini humo?*

Kaka yangu umegusa penyewe, hapa naweza kukaa mpaka jioni.

Hilo ganda linaitwa chenpi, na jina lenyewe ndo hilohilo, ganda lililokaa. Linalosifika kuliko yote linatoka Xinhui, hapo jirani yako tu upande wa Jiangmen, wanalipasua chenza likafunguka vipande vitatu vilivyoshikana kwenye kitako kama ua, wanalianika, wanalihifadhi, na kabla halijatimiza miaka mitatu hawaliiti chenpi. Ganda bichi lina ukali wa mafuta yake, linakereketa, likikaa ule ukali unapungua na harufu inabadilika inakuwa nzito ya kutulia. Kazi yake ni tumbo lililojaa gesi, kichefuchefu na kikohozi chenye makohozi mengi meupe. Angalia nimesema chenye makohozi, manake chenpi kwa mahesabu yao inakausha, mwenye kikohozi kikavu cha koo kuwasha haimfai, huyo watampa peasi lililochemshwa na sukari ya mawe.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Chenza hilohilo likichumwa changa bado kijani, ganda lake linaitwa qingpi na ni dawa nyingine kabisa, inasukuma kwa nguvu, wanaitumia mtu akiwa na maumivu ya mbavuni yale wanayosema hasira imekwama kwenye ini. Zile nyuzi nyeupe unazobandua na kutupa zinaitwa juluo, zinaenda kwenye makohozi yaliyogoma na kifua kinachobana. Mbegu nazo, juhe, za maumivu ya chini ya tumbo na korodani. Tunda moja, dawa nne, na ile nyama tamu tunayoila sisi ndo haina kazi kubwa hapo! Ndo maana mimi mtu akiniambia "chenza ni dawa kwa Wachina" namuuliza, sehemu gani?

Kwa ununuzi chunga sana, kuna wajanja wanachovya ganda jipya kwenye maji ya chai lipate ule weusi wa uzee. Lizee la kweli ukilinusa linatulia puani, la kuchovywa unalijua ukiliweka kwenye maji ya moto, rangi inatoka mara moja na ganda linalegea. Usinunue la miaka ishirini kwa mtu usiyemjua, la miaka mitano linatosha sana kwenye supu ya bata.

*Shangazi kwikwi inanisumbua kila nikinywa kitu cha baridi, inaweza kukaa saa zima. Rafiki yangu Mchina kaniambia karafuu. Kweli?*

Kweli, na tena karafuu ni ua, watu wanasahau, ni ua lililochumwa kabla halijafumbuka. Wao wanaiita dingxiang na wana mbili, ya kiume ndo hilo ua tunalolijua, ya kike ni tunda lake linalokaribia kuiva. Iko upande wa uvuguvugu kwa hiyo inaenda kwa kwikwi ya baridi kama yako. Kuna mchanganyiko wao wa zamani sana wa kwikwi, una karafuu, tangawizi, ginseng, na kile kikonyo kigumu chenye majani manne kinachobaki juu ya tunda la shizi, lile la rangi ya machungwa linalofanana na nyanya. Kikonyo tu! Tunda lenyewe la shizi wanaliweka upande wa baridi. Unaona tena mambo ya sehemu.

Inasemekana enzi za wafalme wa Han maofisa walikuwa wanatia karafuu mdomoni kabla ya kusogea kuongea na mfalme, asije akapata harufu. Na kwenye orodha yao ya kale ya vitu kumi na tisa visivyopatana, karafuu imeandikwa haipatani na yujin, ambayo ni kiazi cha ndugu zake manjano. Mimi sijui kama ni kweli inaleta shida lakini duka la dawa wakiona vyote viwili kwenye karatasi moja watampigia aliyeandika kwanza.

Kwikwi ikivuka siku mbili bila kukata acha karafuu nenda hospitali, inaweza kuwa dalili ya kitu kingine.

*Napata maumivu makali ya hedhi, dada mmoja dukani kanipa honghua niwe naloweka kama chai. Ila mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Niendelee?*

Hapana mdogo wangu. Honghua, yale maua membamba mekundu ya machungwa kama nyuzi, kazi yake kwao ni kutembeza damu iliyokwama, na ndo maana kwenye vitabu vyao wenyewe mjamzito kaandikiwa asiiguse. Wewe unatafuta mimba maana yake kuna siku utakuwa nayo bila kujua. Acha kabisa, na maumivu makali ya kila mwezi yanahitaji kipimo, sio ya dukani. Ukitaka ua la kunywa la kulainisha moyo siku hizo waulize meiguihua, mawaridi machanga, ya Pingyin kule Shandong ndo yana jina, hayo ni mapole. Nayo ukishajua una mimba mwambie mkunga kwanza.

*Baba yangu amekuja kunitembelea Yinchuan, ana dawa ya moyo ya warfarini. Kaona wazee wa huku kila mtu ana chupa ya chai na zile tunda nyekundu gouqi ndani, na yeye anataka. Si ni tunda tu?*

Hiyo "si ni tunda tu" ndo imeniogopesha. Gouqi, wengine mnaijua kwa jina la goji, hapo mlipo ndo nyumbani kwake, Zhongning ya Ningxia inajulikana China nzima, na kwa mtu mzima asiye na dawa kumi au ishirini kwenye kikombe na juhua kidogo kwa macho ya kuchoka haina neno, iko hata kwenye orodha ya serikali yao ya mwaka 2002 ya vitu 87 vinavyohesabiwa chakula na dawa kwa pamoja. Lakini warfarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda, yenye kipimo chembamba, na kuna wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ya kitabibu kwamba walianza kunywa gouqi damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi, mmoja wao akavuja damu puani na kupata michubuko. Baba asinywe, akinywa daktari wake ajue na damu ipimwe tena. Honghua tuliyoisema hapo juu kwake ni vilevile, marufuku.

Na nilivyofika hapo niwaambie na wenye figo za kupandikizwa, kuna tunda dogo wuweizi, "mbegu ya ladha tano", linatoka kaskazini mashariki, linapendwa kwa ini na usingizi. Hilo linapandisha kwenye damu kiwango cha takrolimasi, ile dawa mnayopewa mwili usiikatae figo mpya. Ni tunda, tena zuri tu, lakini ini lako ndo jiko moja, linapika dawa ya hospitali na ya bibi kwa sufuria ileile.

Ah na gouqi nyekundu inayong'aa kama rangi ya kucha iache dukani. Imefukizwa salfa. Nzuri inakuwa nyekundu ya kufifia, ina kadoa keupe pale kikonyo kilipokuwa, na ukinusa mfuko haikuchomi pua.

*Nimesoma mugua ni dawa ya miguu kukaza misuli. Nala papai kila siku na bado nakazwa usiku!*

Hahaha pole. Mugua ya dawa sio papai. Ni tunda gumu chachu la Xuancheng, mkoa wa Anhui, halina hata undugu na papai. Papai liliingia China baadaye kutoka nje wakaliita fanmugua, mugua ya wageni, sokoni ile "fan" ikaanguka njiani na hapo ndo watu wanapotea. Endelea kula papai kwa utamu wake.

*Silali. Nikinunua tende nyekundu hongzao nikala jioni itasaidia?*

Kwanza sio tende, ni ndugu wa kunazi. Na kwa usingizi wanayoitumia ni mbegu ya kunazi chachu ya porini, suanzaoren, sio nyama ya ile tamu. Mchanganyiko wake umeandikwa na tabibu Zhang Zhongjing karibu miaka 1800 iliyopita na bado unauzwa. Mbegu inapondwa kwanza ndo inachemshwa, nzima nzima unakunywa maji matupu. Kama tayari una vidonge vya usingizi usichanganye. Na simu zima.

*Shangazi nataka kupungua. Kuna unga nimeuziwa kwa simu, wameandika "matunda asilia ya jadi ya China, hayana madhara". Nichukue?*

Uliza majina ya hayo matunda kwanza, moja moja. Wakikataa kukwambia tayari ushapata jibu.

Mfano zhishi, hayo ni machungwa machungu yaliyochumwa yakiwa madogo kama gololi. Kwa tabibu ni dawa ya tumbo lililojaa na choo kilichogoma, siku chache basi. Ndani yana sinefrini, inachochea moyo, na Marekani walipopiga marufuku vidonge vya kupunguza uzito vyenye efedra, mmea nao unaochochea moyo, mwaka 2004 watengenezaji wengi wakahamia kwenye chungwa hilo. Mwenye presha hapo anacheza na moto.

Alafu kuna la kutisha zaidi. Madouling ni tunda, limekaa karne nyingi kwenye dawa za kikohozi. Mmea wake una asidi ya aristolokia, inaua figo na inaleta saratani ya njia ya mkojo, na madhara hayaonekani leo, yanaonekana baada ya miaka. Dunia iliamka miaka ya tisini mwanzoni, Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa kwenye kliniki ya kupunguza uzito wakapewa vidonge vyenye mzizi wa Kichina, na mzizi uliotakiwa ukabadilishwa na ndugu wa madouling kwa sababu majina yanafanana, fangji na guangfangji. Karibu wanawake mia waliharibika figo. Wachina wenyewe walipotoa kitabu chao cha dawa cha mwaka 2020 madouling haimo tena. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kitu cha karne nyingi hakiwezi kuwa na madhara huwa nanyamaza tu, manake figo hazilii, zinakufa kimyakimya na wahenga hawakuwa na kipimo cha kuziona.

Unga huo rudisha. Kama pesa imeshaenda, samehe pesa.

*Mafua na koo, nimekula yinqiao na panado kwa pamoja. Nimekosea?*

Inategemea yinqiao ipi. Ile ya asili ina jinyinhua ambayo ni ua na lianqiao ambalo ni tunda, mchanganyiko wa tabibu Wu Jutong wa mwaka 1798, wa homa inayoanza na koo la moto. Lakini kuna ile inaitwa Wei C Yinqiao, hiyo ndani wameweka parasetamoli na dawa ya mafua ya kizungu, imeandikwa kwenye boksi kwa Kichina wewe hukusoma. Ukiongeza na panado, ambayo nayo ni parasetamoli hiyohiyo, unajidabo dozi na ini ndo linalipa. Mpe mtu akusomee boksi sasa hivi.

*Niko Guangxi, Jumapili tulipanda kilima nikaona jinyinhua imetambaa kwenye vichaka nikachuma mfuko mzima nimeanika. Nichemshe vipi, Shangazi, kwenye sufuria au chungu?*

Ngoja kwanza kabla ya chungu.

Jinyinhua maana yake ua la dhahabu na fedha, kwa sababu linachanua jeupe siku mbili tatu linageuka njano, kwa hiyo kwenye kikonyo kimoja unayakuta yote mawili pamoja. Wenye kulijua wanachuma machipukizi kabla hayajafunguka, asubuhi. Ua lake ni kijimrija chembamba, likifunguka lina midomo miwili na nyuzi zimetoka nje, yanakaa mawilimawili kwenye pembe ya jani, na ukilishika chipukizi lina vinyweleo.

Sasa kwenye vilima hivyohivyo vya Guangxi na Guangdong kuna mmea mwingine unatambaa, unaitwa duanchangcao, majani ya kukata utumbo. Maua yake ni ya njano toka mwanzo hayana kuwa meupe, yamefunguka kama tarumbeta ndogo yenye petali tano, yamejazana kichane kwenye ncha ya tawi, majani laini yanang'aa. Mara nyingi unakuta yametambaa kwenye kichaka kimoja na jinyinhua na watu wanayachuma pamoja, na kuna familia zimekunywa chai hiyo au kupika supu wakafa. Inaanza kizunguzungu, macho yanaona viwiliviwili, kope zinaanguka zenyewe, alafu misuli ya kupumua inagoma. Hakuna dawa ya kuizimua, ni hospitali wakupumulie na mashine mpaka sumu itoke.

Yakishakauka na kujikunja kwenye mfuko hata mimi siwezi kukuhakikishia. Kwa hiyo maua hayo yatupe, yafunge vizuri mtu mwingine asije akayaokota akadhani ni chai, na ungo ulioanikia uoshe. Kama kuna aliyekwishayaonja hapo chumbani asisubiri dalili, aende hospitali akiwa na ua moja mkononi.

Jinyinhua nunua kwenye duka la dawa lenye leseni. Hiyo ndo utaichemsha kwenye chungu cha udongo, chuma na aluminiamu hawazitaki, na kwa kuwa ni ua dakika kumi hivi zinatosha.